Mbegu ya pilipili isiyopimwa si msaada

GOMA / BUKAVU – Familia inayorudi shambani baada ya kukimbia vita haina mengi mkononi. Ina jembe, turubai lililochakaa, watoto, na kipakiti cha mbegu kilichopatikana kwenye foleni ya msaada. Mara nyingine ndani ya kipakiti kile mna mbegu za pilipili, ao za puavro. Pilipili ni zao la mtu asiyekuwa na wakati wa kungoja. Inatosheka na kipande kidogo cha udongo, inaanza kuvunwa miezi mitatu hivi baada ya kutoka pepinyeri, na inaendelea kuzaa wiki baada ya wiki. Asubuhi mama anaiuza kwa kisahani kando ya barabara, mangaribi ananunua unga.

Lakini kuna swali ambalo hakuna anayeliuliza kwenye foleni ile: mbegu hii imepimwa? Nani aliipima, wapi, na alikuwa anatafuta nini ndani yake?

Swali hilo si la wasomi peke yao. Mwanzoni mwa 2025, kambi kubwa za kandokando ya Goma zilibaki tupu. Maelfu ya familia zilishika njia ya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Nyingine zilikwenda kukaa kwa ndugu. Wengi walikuta nyumba imebomolewa, mbuzi hakuna, akiba ya mbegu imekwisha. Kwa watu wa namna hiyo, msimu mmoja ukiharibika hakuna msimu wa pili wa kurekebisha. Ndiyo sababu mbegu ya kugawa ovyo, na dawa ya kuuza ovyo, ni dhuluma kwao, hata kama anayegawa anatabasamu na anayeuza ni jirani.

Dawa ya ugonjwa usiokuwa na jina

Kila mtu aliyelima pilipili kwa miaka michache anajua namna mambo yanavyokwenda. Miche inatoka pepinyeri ikiwa mizuri. Wiki ya tatu ao ya nne shambani, majani ya juu yanaanza kubadilika: mabaka ya kijani na ya njano, mishipa inayong'aa, jani linalojikunja. Maua yanaanguka. Matunda machache yanayobaki ni mafupi na yamepinda, na mnunuzi sokoni anayasukuma pembeni.

Mkulima anachuma jani moja, analitia mfukoni, anakwenda nalo kwenye butiki ya dawa za shamba. Muuzaji analitazama nusu dakika. Anatoa kipakiti cha unga wa njano, mankozebu. Wiki inayofuata mkulima anarudi kusema haikusaidia. Anapewa chupa ya dawa ya wadudu. Akirudi mara ya tatu, anaambiwa azichanganye zote mbili kwenye pompa moja.

Kama ugonjwa ule ni wa virusi, pesa yote imemwagwa chini. Mankozebu inapigana na kuvu, yaani ule ukungu unaooza majani. Kwa virusi haifanyi kitu. Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya mmea ulioingiwa na virusi. Mmea ule utabaki mgonjwa mpaka ung'olewe, na kila siku unaposimama shambani unawagonjesha wenzake. Muuzaji anayesema «hii inaua virusi» anadanganya, ama kwa kujua, ama kwa kutokujua. Kwa mkulima aliyekopa ili anunue chupa ile, tofauti kati ya uongo huo miwili ni ndogo.

Tena hasara haiishii kwenye pesa. Dawa ile ile inapuliziwa bila kinga ya mdomo, mtoto akiwa mgongoni, kwenye matunda yatakayouzwa kesho. Watu wanakula sumu iliyopigwa juu ya ugonjwa ambao sumu ile haiugusi.

Jicho halitoshi

Wapo wanaojibu kwamba mkulima mzoefu hahitaji labo, anatambua ugonjwa kwa macho. Mzoefu anaheshimiwa, lakini kwa pilipili jicho linadanganywa kila siku. Jani linaweza kujikunja kwa sababu ya virusi. Linaweza kujikunja vilevile kwa sababu ya utitiri, mdudu mdogo kiasi kwamba bila kioo cha kukuza haonekani. Linaweza kuwa njano kwa sababu udongo umekosa chakula, ao kwa sababu jirani alipulizia dawa ya kuua magugu na upepo ukaileta.

Hapo makosa ni ya pande mbili. Mkulima wa kwanza ana virusi shambani, anadhani ni ukungu, ananunua dawa mpaka mfuko unatoboka. Mkulima wa pili ana utitiri, ambao salfa ingeumaliza, lakini ameambiwa ni virusi, basi anang'oa shamba zima ambalo lingepona. Wote wawili wamepoteza, na hakuna aliyekuwa mvivu. Wamepoteza kwa sababu hakuna aliyewapa jina la ugonjwa.

Kuna na wa tatu: yule anayesema ameloga fulani. Mahali ambapo watu wametoka vitani na majirani hawajazoeana tena, shamba moja kuwa njano na la pembeni kubaki kijani ni jambo la hatari. Ugonjwa usiokuwa na jina hutafutiwa mtu wa kubebeshwa.

Kivu inajua maana ya kipimo

Wakaaji wa Kivu hawahitaji kufundishwa umuhimu wa kupima. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, kule Beni, Butembo na Mabalako, hakuna aliyepelekwa moja kwa moja kutibiwa Ebola kwa sababu tu macho yake yalikuwa mekundu. Sampuli ilichukuliwa, mashine ikasema ndiyo ao hapana, kwa muda wa saa chache. Ilipofika corona, watu wote walijifunza herufi tatu: PCR. Halafu huko Kamituga, Kivu ya Kusini, ni kipimo cha chembe za urithi kilichoonyesha kwamba mpox iliyokuwa inaenea ilikuwa ya aina mpya. Kwa jicho la kawaida, vipele ni vipele.

Inafaa kukumbusha jambo moja ambalo wengi hawalijui. Virusi vya kwanza kujulikana duniani havikupatikana kwa mtu. Vilipatikana kwenye jani. Mwaka wa 1892, Dmitri Ivanovsky wa Urusi aliona kwamba maji ya jani gonjwa la tumbako yanaambukiza hata baada ya kuchujwa kwa chujio linalozuia bakteria. Mwaka wa 1898, Martinus Beijerinck wa Uholanzi alifahamisha kwamba hicho ni kitu cha aina nyingine kabisa, na akakiita virusi. Ugonjwa ule wa tumbako ungali upo, na unashambulia pilipili, juu pilipili na tumbako ni watu wa ukoo mmoja, pamoja na nyanya na viazi.

Kwa hiyo jani ndilo lililoifundisha dunia neno virusi. Leo binadamu anapimwa, ng'ombe wa tajiri anapimwa, lakini jani la pilipili la mkimbizi linatazamwa nusu dakika kwenye butiki.

Namna jani linavyopimwa

Wanaopinga jambo hili hupenda kulifanya lionekane kama uchawi wa Wazungu. Si hivyo. Kazi yenyewe inaweza kuelezwa kwa mkulima yeyote.

Kipimo cha zamani zaidi kinatumia kinga zinazokamata ganda la virusi. Kinaitwa ELISA, na kwa mimea kilianza kutumiwa sana toka 1977. Jani linasagwa, maji yake yanatiwa kwenye vishimo vidogo vya plastiki. Kama virusi vinavyotafutwa vimo, rangi inabadilika. Kuna na vijiti vya kipimo vinavyotumia njia hiyo hiyo shambani. Vinafanana na kile cha malaria: mstari mmoja, hakuna; mistari miwili, vimo.

PCR yenyewe haitafuti ganda, inatafuta maandishi yaliyomo ndani. Virusi vingi vya pilipili vimeandikwa kwa RNA. Labo inasaga jani, inatoa RNA, inaigeuza kuwa DNA. Kisha inatia vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa vifanane na neno fulani la virusi vinavyotafutwa. Mashine inapasha moto, inapoza, inapasha tena. Kila mzunguko, nakala zinakuwa mara mbili. Baada ya mizunguko 30, nakala moja inaweza kuwa zaidi ya bilioni moja. Kama neno lile halimo, hakuna kinachoongezeka. Basi hata virusi vichache, kwenye mche ambao bado unaonekana mzima, vinajulikana.

Toka mwaka 2000 kuna na njia nyingine inayoitwa LAMP. Hiyo inahitaji joto la kiwango kimoja tu, kama digrii 60 mpaka 65, na jibu linaweza kutoka chini ya saa moja. Haihitaji ile mashine kubwa inayopanda na kushuka joto. Kwa mahali ambapo umeme unakuja na kwenda, hilo si jambo dogo.

Na pale ambapo hakuna anayejua atafute neno gani, kuna njia ya kusoma maandishi yote yaliyomo ndani ya jani, kisha kuyalinganisha na maktaba ya virusi vinavyojulikana duniani. Njia hiyo ni ya bei kubwa, lakini ndiyo inayovumbua kile ambacho hakuna aliyekitarajia.

Hata safari ya sampuli si kikwazo kama inavyosemwa. Mwaka wa 1976, damu ya mgonjwa wa Yambuku ilisafirishwa mpaka Antwerp, Ubelgiji, ndani ya termosi yenye barafu. Jani halihitaji barafu. Linapondwa juu ya karatasi maalumu inayotunza chembe zake za urithi, linakauka, linatiwa ndani ya bahasha. Bahasha inaweza kupita hata pale ambapo gari la baridi haliwezi kupita.

Jina la virusi ndilo linalotoa shauri

Kuna anayesema: kama virusi havina dawa, kuna faida gani kujua jina? Hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Jina halileti dawa, lakini linaleta shauri, na mashauri yanapingana.

Chukua virusi vinavyotia mabaka kwenye mishipa ya pilipili, ambavyo labo huviandika PVMV. Vilielezwa kwanza Ghana mwaka 1971, na toka hapo vimeonekana katika inchi nyingi za Afrika. Vinabebwa na vidukari, wale wadudu laini wanaokaa chini ya majani. Kidukari anachoma jani gonjwa kwa muda mfupi sana, sekunde chache zinatosha. Anaruka, anachoma jani zima, kazi imekwisha. Dawa ya wadudu haiwezi kumzuia, juu itamuua baada ya yeye kumaliza kuambukiza. Kinachosaidia ni kung'oa mapema mimea ya kwanza kuugua, kuweka pepinyeri mbali na mashamba ya zamani, na kuzungushia shamba mistari ya mahindi yaliyotangulia kupandwa. Kidukari anayetua kwanza kwenye mahindi anapangusa mdomo wake huko.

Sasa chukua virusi vingine vinavyofanya pilipili kuwa njano, vya ukoo wa polerovirusi. Hivyo pia vinabebwa na vidukari. Lakini safari hii kidukari sherti anyonye kwa muda mrefu, virusi vipite ndani ya mwili wake, ndipo aweze kuambukiza, na anabaki navyo siku nyingi. Hapa dawa ya wadudu, ikitumiwa kwa wakati na kwa kipimo, inaweza kupunguza uenezi.

Mdudu ni yule yule. Jani la njano linafanana. Shauri ni kinyume. Pale chupa ya dawa ni hasara, hapa inaweza kuwa msaada. Nani atawatenganisha hao wawili kwa macho?

Kuna na ukoo wa tatu, wa ile ya tumbako na ndugu zake wanaoitwa tobamovirusi. Hivi havihitaji kidukari. Vinakaa kwenye ganda la mbegu, kwenye mikono ya mtu, kwenye kisu, kwenye nguo, na kwenye mabaki ya mimea msimu baada ya msimu. Mtu anayesokota tumbako kisha akashika miche anaweza kuviingiza mwenyewe. Hapa mahindi ya kuzungushia hayana kazi, na dawa ya wadudu haina kazi. Kinachohitajika ni mbegu safi, sabuni mikononi, kisu kilichosafishwa na javeli. Ukoo huu ndio unaofanya kipakiti cha msaada kuwa cha kuogopwa, kwa maana kipakiti kimoja kikiwa na mbegu chafu, mikono ya wapandikizaji inamaliza kazi iliyobaki.

Tena kuna virusi vya batobato ya matango, CMV, ambavyo vinaweza kukaa katika aina zaidi ya 1,000 za mimea. Mkulima anayeng'oa pilipili na kuacha magugu ya pembeni hajafanya kitu.

Kutoa shauri moja kwa magonjwa haya yote ni kama kumpa dawa ya malaria kila mtu mwenye homa, mwenye kifua, na aliyevunjika mguu.

Ng'ambo ya mpaka wamekwisha kuangalia

Watu wasiseme kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Mwaka wa 2018, watafiti wa Rwanda pamoja na wenzao wa Uingereza walitangaza walichokuta kwenye pilipili za Rwanda: vile virusi vya PVMV, virusi vya unjano wa pilipili, na juu yake virusi vya ukoo wa enamovirusi ambavyo havikuwa vimejulikana bado. Ilikuwa mara ya kwanza kutangazwa katika inchi ile. Haina maana kwamba vililetwa mwaka huo. Ina maana kwamba mwaka huo kuna aliyeangalia.

Rwanda ni pale. Kutoka Bukavu mtu anavuka daraja la Ruzizi kwa miguu. Kule Goma, kila asubuhi wamama wanapita Petite Barrière na mboga kichwani. Mtu anaombwa jeto, kidukari haombwi. Kwa hiyo mwenye kugawa mbegu ao miche Kivu, akisema hajui kama kuna virusi, amejihukumu mwenyewe. Kutokujua si kinga pale ambapo jirani amekwisha kutangaza.

Mambo ya ndizi yanafundisha jambo lile lile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, migomba ya Masisi ilianza kufa, ndizi zikioza ndani zingali kwenye mkungu. Wengi walidhani ni laana, wengine walikata shamba zima. Ilipojulikana kwamba ni bakteria, ndipo shauri lilipokuwa wazi: kuvunja lile ua la chini kwa mti wenye panda bila kutumia kisu, kuchoma ao kuosha panga kwa javeli, kukata shina lililougua na kuacha mengine. Wakimbizi kutoka Masisi wanalijua shauri hilo kuliko mtu yeyote.

Na muhogo pia. Batobato kali ilipoharibu mashamba ya Uganda miaka ya 1990, ni kipimo cha chembe za urithi kilichoonyesha, mwaka 1997, kwamba virusi viwili vilikuwa vimechanganya maandishi yao na kuzaa aina kali zaidi. Muhogo unaostahimili ndio uliowarudishia watu chakula. Hakuna pompa iliyofanya kazi ile.

Wanaosema bado si wakati

Jibu la kwanza la wakubwa linajulikana: kuna vita, watu wanakufa, nani ana wakati wa kupima pilipili? Maneno hayo yanasemwa na watu wanaonunua pilipili, si na wanaoiuza. Kwa mama aliyerudi Rutshuru bila kitu, pilipili ndiyo karo ya shule na chumvi ya nyumba. Ni kwa sababu kuna vita ndipo mbegu inapaswa kupimwa: mtu wa amani akipoteza msimu, ana mbuzi wa kuuza, aliyekimbia hana.

Jibu la pili ni bei. Lakini hakuna anayeomba kila mche upimwe. Majani ya mimea mingi yanaweza kuunganishwa katika sampuli moja, na mashamba machache yaliyochaguliwa vizuri yanatoa picha ya vijiji vingi. Mbegu nayo inapimwa kwa fungu, kabla fungu lile halijagawanywa katika vipakiti elfu. Anayeweza kulipa gari, karatasi, kofia zenye maandishi na picha za sherehe ya kugawa, anaweza kulipa kipimo cha fungu moja la mbegu.

Jibu la tatu ni kwamba mkulima alipulizia dawa na majani yakarudi kijani. Inatokea. Yawezekana mvua ilirudi, yawezekana aliweka mbolea, yawezekana haikuwa virusi toka mwanzo. Ndiyo maana inabidi kupima. Dawa inayosifiwa kwa kuponya ugonjwa ambao haukuwapo itauzwa kesho kwa yule ambaye ugonjwa anao kweli.

Na wapo wanaosema hakuna watu wa kufanya kazi hiyo. Kule Mulungu, Kabare, kuna kituo cha INERA. Kalambo kuna kituo cha IITA. Bukavu kuna vyuo vikuu vinavyofundisha kilimo, na vijana wanaomaliza masomo na kukaa nyumbani bila kazi. Inchi ina SENASEM, idara ya mbegu, ambayo kuhakiki mbegu ni wajibu wake. Goma ina labo ya INRB kwa magonjwa ya watu. Hakuna haja ya kuchanganya damu na majani ndani ya chumba kimoja, lakini ujuzi wa mikono ni ule ule, na mtu aliyefundishwa PCR ya mpox hahitaji miaka kumi kufundishwa PCR ya jani. Watu wapo. Kinachokosekana ni amri na aibu.

Jibu lirudi kwa mwenye shamba

Kuna dhuluma nyingine inayofanywa kwa upole. Mtafiti anakuja na wageni, wanachuma majani kwenye shamba la mtu, wanapiga picha, wanaandika jina la kijiji na kipimo cha mahali, wanaondoka. Miaka inapita. Jibu linatoka kwa Kiingereza, ndani ya jarida ambalo mwenye shamba hatalisikia jina lake. Yeye angali anapulizia mankozebu.

Kupima bila kurudisha jibu si kupima kwa ajili ya mkulima. Daktari anayechukua damu ya mtu na kumnyima matokeo angeshitakiwa. Jani nalo lina mwenyewe. Matokeo yasomwe kwenye radio, kwa Kiswahili, kwa Kinande, kwa Mashi, kwa Kinyarwanda, kwa Kihavu: ni virusi gani, vinabebwa na nini, mtu afanye nini wiki hii. Dakika tano za radio zinafika pale ambapo jarida halitafika hata siku moja.

Kinachodaiwa

Madai ni machache, na hakuna anayeweza kusema hayawezekani.

Shirika lolote linalogawa mbegu ao miche ya pilipili kwa wakimbizi na waliorudi lionyeshe karatasi ya kipimo cha fungu lile, yenye tarehe na majina ya virusi vilivyotafutwa. Karatasi isiyotaja tobamovirusi na CMV haitoshi, juu ndivyo vinavyoweza kusafiri pamoja na mbegu.

Pepinyeri kubwa zipimwe kabla miche haijatoka. Mche mgonjwa unapimwa mara moja pepinyeri. Ukishafika katika mashamba mia, hakuna wa kuufuata.

Viongozi wa kilimo wakataze mtu kuuza chupa yoyote kwa maneno ya kwamba inaponya virusi, na wasiishie kwenye kukataza: wapite sokoni.

Na sampuli zikichukuliwa, tarehe ya kurudisha jibu iandikwe mbele ya wenye mashamba.

Wakati hayo yakingojwa, mkulima asikae bure. Asichume mbegu kwenye mmea wenye mabaka, hata kama tunda lake ni kubwa. Ang'oe mimea ya kwanza kuugua siku ile ile anapoiona, auzike ao auchome mzigo wote, asiutupe pembeni mwa shamba. Apande mahindi kuzunguka kabla ya pilipili. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche, hasa mwenye kuvuta tumbako. Na akiambiwa na muuzaji kwamba chupa hii inaua virusi, amuulize mbele ya watu: virusi gani?

Wakati wa Ebola, watu wa Beni walikuwa wanauliza kabla ya kukubali chochote: matokeo yako wapi? Wengine waliwaita wakaidi. Leo mkimbizi anayesimama kwenye foleni ya mbegu ana haki ya kuuliza swali lile lile, na kipakiti kisifunguliwe mpaka ajibiwe.